Sindano ya steroidi kwenye kano ya kisigino: jibu kwa mkimbiaji wa Kapchorwa

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni msichana wa miaka 24, mkimbiaji wa mita 5,000 na 10,000, na ninafanya mazoezi hapa Kapchorwa, Uganda. Kwa miezi minne sasa nina maumivu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Asubuhi mguu huwa mgumu, nikishapasha mwili unaachia, kisha baada ya mazoezi makali maumivu yanarudi. Tumebakiza wiki tatu kabla ya mbio za mchujo. Kliniki moja mjini Mbale imeniambia itanichoma sindano ya steroidi palepale panapouma na nitakimbia bila maumivu. Kaka yangu anacheza mpira. Mwaka jana alichomwa sindano kama hiyo kwenye goti na baada ya wiki mbili alikuwa uwanjani. Kocha wangu anasema sindano hizo zinakula mifupa, na mwenzangu anasema nikichomwa nitakamatwa kwa dawa zilizokatazwa. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, nianze na lile unalolihitaji kabla ya kupanda gari la Mbale. Usikubali kuchomwa sindano hiyo kwenye kano ya kisigino wala pembeni yake. Kliniki haijakudanganya iliposema kwamba maumivu yatapungua. Kuna uwezekano mkubwa yapungue, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu utaingia kwenye mbio ukiwa na kano dhaifu ambayo imenyimwa sauti ya kukuonya.

Sijakupima, kwa hiyo nasema kwa tahadhari. Hata hivyo, ugumu wa asubuhi unaoachia mwili ukipata joto, pamoja na maumivu yanayorudi baada ya kazi nzito, ndiyo maelezo ambayo madaktari wa michezo huyasikia kila mara kutoka kwa wakimbiaji wenye kano ya kisigino iliyochoka, yaani ile kano nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Unapokimbia kwa kasi, kano hiyo hubeba mvuto unaoweza kufikia mara sita ya uzito wa mwili wako au zaidi, na hubeba hivyo katika kila hatua. Sehemu inayouma zaidi kwa kawaida iko sentimita mbili hadi sita juu ya mfupa, mahali ambapo damu inayofika ni kidogo kuliko inayofika kwenye misuli.

Steroidi za sindano hiyo huitwa kotikosteroidi, nazo ni dawa zinazoiga kotisoli, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Zisichanganywe na zile steroidi za kujenga misuli ambazo watu hufikiria wanaposikia neno hili redioni. Umbo lao la kikemikali linafanana, lakini kotikosteroidi zikitumiwa kwa muda mrefu huidhoofisha misuli. Umaarufu wake ulianza mwaka 1948, wakati daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alipompa kotisoni, dawa ya jamii hii, mgonjwa ambaye viungo vyake vilikuwa vimekazwa na ugonjwa wa baridi yabisi, na baada ya siku chache mgonjwa huyo akaanza kutembea vizuri. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, na mwaka uliofuata Joseph Hollander akaandika kuhusu kuichoma dawa ya jamii hiyo ndani ya kiungo chenyewe badala ya kuieneza mwilini mwote. Sifa ya mwujiza iliyopatikana wakati ule haijaisha hadi leo, ingawa madaktari hao hao waligundua mapema kwamba dawa ikiachwa ugonjwa hurudi, na ikiendelezwa huleta madhara yake yenyewe.

Dawa hizi hufanya kazi kwa kuzima inflamesheni, yaani ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto na kuuma. Hupunguza utengenezaji wa kemikali kama prostaglandini na huzuia chembe nyeupe za damu zisimiminike mahali penye jeraha. Lakini haziishii hapo. Seli zinazofuma kolajeni, ambayo ndiyo nyuzi za kano, nazo hupunguziwa kazi. Pale ambapo shida yenyewe ni inflamesheni, faida inaweza kuzidi hasara. Pale ambapo shida ni nyuzi zilizovurugika na zinazohitaji kufumwa upya, umewapunguza mafundi uliokuwa ukiwategemea.

Na kano yako, kwa jinsi tunavyoielewa leo, iko katika kundi hilo la pili. Wataalamu walipozitazama kwa darubini kano zilizouma kwa miezi mingi, walitarajia kuona chembe nyingi za inflamesheni, lakini walichokiona zaidi ni nyuzi zilizopoteza mpangilio, maji yaliyoongezeka kati yake, na vishipa vipya vya damu vilivyopenya mahali visipokuwapo awali. Mjadala kuhusu kiasi cha inflamesheni kilichomo haujafungwa, na mimi siudharau, ila hakuna upande wowote wa mjadala huo unaosema kwamba kuzima inflamesheni kunairudishia kano nguvu zake.

Ushahidi ulio bora zaidi juu ya jambo hili umetoka kwenye kiwiko badala ya kisigino. Mwaka 2013 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa Australia na Brooke Coombes pamoja na wenzake, ukihusu watu 165 wenye maumivu ya kano upande wa nje wa kiwiko. Baadhi yao walichomwa kotikosteroidi, na wengine walichomwa maji ya chumvi tu bila wao kujua tofauti. Kwa wiki za mwanzo waliochomwa dawa walijisikia vizuri zaidi. Kabla ya mwaka kwisha, asilimia 54 ya waliochomwa dawa walikuwa wamerudiwa na tatizo, ilhali kwa waliochomwa maji ya chumvi ni asilimia 12 tu. Kwa kisigino, hofu yetu haiishii kwenye kurudi kwa maumivu, kwa kuwa kano hii hubeba mwili mzima, na zipo taarifa nyingi za wagonjwa ambao kano zao zilikatika wiki chache baada ya sindano. Taarifa hizo si za kiwango sawa na utafiti wa JAMA, lakini kwa mkimbiaji anayetegemea mguu kupata mkate wake, mimi nazichukulia kuwa zinatosha.

Sasa kaka yako. Goti ni kiungo chenye utando wa ndani unaoweza kuvimba na kujaa maji, na utando huo ukiwaka kwa inflamesheni, sindano moja ya kotikosteroidi iliyochomwa kwa usafi na mtu anayejua anachokifanya inaweza kuutuliza kwa wiki kadhaa. Vivyo hivyo kwa bega lililokakamaa katika miezi ya mwanzo, kwa vifuko vya majimaji vilivyovimba karibu na nyonga au bega, na kwa kidole kinachokwama kukunjuka. Kwa hiyo huenda yeye alitibiwa ipasavyo. Huenda pia alitulizwa maumivu ya gegedu iliyochanika, yaani ule mto laini ulio kati ya mifupa ya kiungo, kisha akarudishwa uwanjani juu ya goti bovu. Hilo siwezi kulijua bila kujua aliambiwa anaumwa nini, na ningependa umuulize kama kuna mtu yeyote aliyemwambia. Katika sehemu zetu hizi ningemuuliza na jambo jingine: je, kabla ya sindano, kuna aliyefikiria kifua kikuu cha kiungo, au brusela, ugonjwa unaoletwa na maziwa mabichi na ambao kwa watu wanaofuga ng'ombe si wa ajabu? Goti lililovimba kwa wiki nyingi pamoja na homa za jioni na kupungua uzito halichomwi steroidi hadi magonjwa hayo yaondolewe shaka, kwa sababu dawa hii hupunguza kinga mahali ilipochomwa na vijidudu hupata nafasi.

Kocha wako, kwa kusema kwamba sindano zinakula mifupa, ametia chumvi ila hakubuni. Mwaka 2017 jarida hilo hilo la JAMA lilichapisha utafiti wa watu 140 wenye magoti yaliyolika kwa umri na kuvimba, ambao kwa miaka miwili walichomwa kila baada ya wiki 12 ama miligramu 40 za triamsinoloni, mojawapo ya kotikosteroidi, ama maji ya chumvi. Waliochomwa dawa walipoteza gegedu nyingi zaidi, na maumivu yao hayakuwa nafuu kuliko ya wenzao. Ndiyo maana madaktari wengi hawazidishi sindano tatu au nne kwa mwaka katika kiungo kimoja, na mimi kwa mwanariadha kijana huona hata hizo ni nyingi. Mfupa wenyewe huweza kufa, hasa kichwa cha mfupa wa paja, kwa watu wanaotumia dozi kubwa za vidonge au sindano za mwilini kwa muda. Na mwenye selimundu, ugonjwa ambao Uganda unao kwa wingi, tayari yuko kwenye hatari hiyo hata kabla ya steroidi.

Hapa niseme jambo ambalo hukuliuliza lakini linanisumbua kuliko sindano ya kisigino. Sindano inayotolewa zaidi katika kliniki ndogo na maduka ya dawa, kuanzia mijini hadi kwenye vituo vya biashara huko milimani, ni ile ya kalio: deksamethasoni, ambayo nayo ni kotikosteroidi, ikichanganywa na diklofenaki ya kutuliza maumivu, kwa mgongo, kwa goti, kwa kifundo kilichoteguka, kwa mafua. Mtu huamka kesho yake akiwa mwepesi na mwenye hamu ya kula, husifu kliniki, na mwezi ujao hurudi. Dawa iliyoingia kwa njia hiyo husambaa mwilini mwote, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na ikirudiwarudiwa huzifanya tezi za adrenali zilale, hata siku mwili unapohitaji kotisoli yake wakati wa ugonjwa mkali isipatikane. Kwa wanawake huweza kuvuruga hedhi. Kifundo kilichoteguka hakihitaji chochote kati ya hivyo. Kinahitaji kufungwa, kupumzishwa kwa siku chache na kuanza kusogezwa mapema. Msuli uliochanika nao ni hivyo hivyo, kwa kuwa steroidi huchelewesha kupona kwake.

Zipo dawa ambazo lazima uzitaje mbele ya yeyote anayetaka kukuchoma kotikosteroidi, iwe leo au miaka kumi ijayo. Ya kwanza kwako wewe ni siprofloksasini, dawa ambayo kwetu hutolewa kwa homa ya matumbo na maambukizi ya mkojo, mara nyingi bila kipimo. Dawa za jamii hiyo zenyewe hudhuru kano, na kano ya kisigino ndiyo huathirika zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liandikwe kwenye karatasi zake, na hatari huongezeka mtu anapotumia steroidi wakati mmoja. Ikiwa umeimeza katika wiki za karibuni, mwambie daktari, kwa sababu inaweza kuwa sehemu ya maelezo ya maumivu yako. Ya pili ni dawa za ARV zenye ritonavir. Ritonavir huzuia ini lisiivunje triamsinoloni, na sindano moja ndogo ya kiungo inaweza kukaa mwilini kwa miezi, ikaleta uso wa kuvimba, unene wa tumbo na tezi za adrenali zilizozimika. Mwenye kisukari naye atarajie sukari kupanda kwa siku kadhaa. Na kwa ngozi zetu nyeusi, dawa ikimwagika karibu na uso wa ngozi huweza kuacha baka jeupe na kishimo mahali mafuta yalipoyeyuka. Si ugonjwa, lakini baka hilo huweza kudumu miezi mingi.

Mwenzako aliyekutahadharisha kuhusu dawa zilizokatazwa amekusaidia kuliko anavyodhani. Tangu tarehe 1 Januari 2022, WADA, yaani shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli, imekataza kotikosteroidi kwa njia zote za sindano wakati wa mashindano, zikiwemo zile za ndani ya kiungo na za pembeni ya kano, ambazo hapo awali zilikuwa zinaruhusiwa. Vidonge navyo vimekatazwa. Dawa za kupaka kwenye ngozi na za kuvuta kwa pumu hazimo, mradi zitumike kwa kipimo kilichoandikwa. Muda wa mashindano huanza usiku wa kuamkia siku ya mbio, dakika moja kabla ya saa sita, lakini dawa haisomi kalenda. WADA imetoa makadirio ya siku zinazohitajika ili dawa itoke: kwa sindano ya mahali pamoja ni siku tatu kwa dawa nyingi za aina hii, na siku kumi kwa triamsinoloni na prednisoloni; kwa sindano ya msuli, kama ile ya kalio, ni siku tano kwa deksamethasoni, betamethasoni au methilprednisoloni, siku kumi kwa prednisoloni, na siku 60 kwa triamsinoloni.

Angalia tofauti hiyo ya mwisho. Chupa ni ile ile, muuguzi ni yule yule. Akikuchoma kwenye kalio badala ya kifundo, wiki zako tatu zinakuwa miezi miwili. Wenzetu wa ng'ambo ya Mlima Elgon wamekwisha kulipia somo hili: miaka ya 2021 na 2022 Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, kinachosimamia vita dhidi ya dawa zilizokatazwa katika riadha ya dunia, kilionyesha wasiwasi wa wazi juu ya idadi ya wakimbiaji wa Kenya waliokutwa na triamsinoloni. Kanuni haijali nani alikuchoma wala alikwambia nini. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Kwa hiyo, siku yoyote utakayotibiwa, omba kuiona chupa, ipige picha, na uandikiwe jina la dawa, kipimo, mahali ilipochomwa na tarehe. Tiba ikiwa ni ya lazima na siku hazitoshi, ipo ruhusa maalumu ya kutumia dawa kwa sababu za matibabu, ambayo huombwa kwa nyaraka za daktari. Shirikisho lako la riadha ndilo la kuanzia. Nikiwa hapo hapo, tramadoli, dawa kali ya maumivu, pia imekatazwa wakati wa mashindano tangu tarehe 1 Januari 2024, nami najua jinsi kliniki zinavyoitoa kwa urahisi.

Tiba iliyo na ushahidi kwa kano yako ni kazi, na ni kazi ya kuchosha. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Sweden alieleza mazoezi ambayo hadi leo ndiyo msingi. Unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa nyayo za mbele, unanyanyuka kwa miguu yote miwili, kisha unashuka polepole kwa mguu unaouma peke yake hadi kisigino kiwe chini ya usawa wa ngazi. Mara 15, duru tatu, goti likiwa limenyooka. Halafu tena mara 15, duru tatu, goti likiwa limekunjwa kidogo. Hufanywa mara mbili kwa siku, kila siku, kwa wiki 12, na yakiwa mepesi unavaa mkoba mgongoni wenye kilo kadhaa za maharagwe au mchanga na kuendelea kuongeza. Wapo wanaopendelea kunyanyua uzito mkubwa polepole mara tatu kwa wiki, na matokeo yake yamelingana. Kwa mtu anayekimbia mara mbili kwa siku kama wewe, utaratibu huu wa mara tatu pengine utaufuata kwa uaminifu zaidi. Angalizo moja: ikiwa maumivu yako pale hasa kano inaposhika mfupa, na si juu yake kama ulivyoandika, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, kwa sababu mfupa hubana kano.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanaruhusiwa. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, usivuke tano, na asubuhi inayofuata mguu usiwe mgumu kuliko asubuhi iliyotangulia. Ugumu huo wa asubuhi ndio utakaokuongoza kuliko maumivu ya uwanjani. Kuhusu kukimbia kwenyewe, huna haja ya kuacha kabisa, ila Kapchorwa ina miteremko mingi, na kupanda mlima ndiko kunakovuta kano hii kupita kiasi. Tafuta sehemu tambarare, punguza mbio za kasi, na weka kipande cha kuinua kisigino ndani ya raba zako za kila siku. Viatu vya misumari vyenye kisigino kifupi vipumzike.

Kwa mchujo wa wiki tatu zijazo, kano haitakuwa imepona, nami sitakudanganya. Ningekushauri uachane na mita 10,000, ambazo ni mizunguko 25 kwenye viatu hivyo vya misumari, na uamue juu ya mita 5,000 siku nne au tano kabla, ukitazama asubuhi zako za wiki hiyo. Ukikubaliana na kocha juu ya jambo hilo sasa, itakuwa rahisi kuliko kubishana naye siku yenyewe.

Ukisikia kishindo nyuma ya mguu kana kwamba mtu amekupiga teke, na ukashindwa kunyanyuka kwa vidole vya mguu huo, lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, na mtu akubinye shavu la mguu. Unyayo usipocheza, kano imekatika, na unatakiwa kufika kwa daktari wa mifupa siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Mbale, kwa kuwa matibabu ya mapema, iwe kwa plasta ya kufunga au upasuaji, hufaulu vizuri zaidi.

Kuna hali moja ambayo ingenifanya nizungumze nawe tena kuhusu sindano. Kati ya kano na mfupa wa kisigino kipo kifuko kidogo cha majimaji, na wakati mwingine hicho ndicho kinachovimba huku kano yenyewe ikiwa nzima. Kipimo cha altrasaundi kikionyesha hivyo, na wiki kadhaa za mazoezi na kupunguza mwendo zikishindwa, daktari anayechoma huku akiiona sindano kwenye skrini anaweza kuweka dawa ndani ya kifuko bila kuigusa kano, kisha mguu ukapumzishwa kwa takriban wiki mbili. Kliniki iliyokuahidi sindano bila kukupiga altrasaundi haina njia ya kujua uko upande gani.